Utenzi wa Kidonda cha Zafarani

Sianzi kwa sifa tamu,
mikononi mna damu
ya punda wa hapa Lamu;
asubuhi kaingia.

Jina lake Zafarani,
kidonda ki mgongoni,
shogi limekula ndani
na nyama yachungulia.

Mwenyewe, Famau Shee,
hana muda angojee:
“Mpe dawa, atembee,
kazi yanisubiria.

Kuna nyumba Mkomani,
mchanga upo gatini,
fundi yuko ukutani,
lipu yamkaukia.”

Nikamvutia kiti,
sikumwandikia cheti;
tone la damu katiti
kiooni nikatia.

Hadubini ni ya kale,
kutu hapa, kutu pale,
ila kioo ni kile,
hakijapata fifia.

Famau akainama,
kofia kaipa nyuma,
kimya, kisha akasema:
“Ni nani hawa, Zakia?”

“Ni seli,” nikamjibu,
“tazama hapa karibu,
kila moja na hesabu
ya zamu kushikilia.

Utando, siyo ukuta,
laini kama mafuta;
kila kinachotafuta
njia, hodi hupigia.

Ndani ni uji mzito
na matanuri ya moto,
madogo kuliko ndoto,
sukari huunguzia.

Na kiini katikati
ndicho chenye mikakati,
kimekunja ndefu hati
za ukoo kurithia.

Ila nyekundu, Famau,
kiini zimesahau,
zimekitoa, walau
hewa zipate pakia.

Ni wachukuzi wa mwili.”
Famau kacheka kweli:
“Basi sisi ni wawili
wa chama chao, Zakia!”

Nikasema, “Seli moja
ni tofali, si daraja;
zikijipanga pamoja,
tishu zimejitungia.

Ngozi ya juu ni safu:
za juu tayari wafu,
za chini hai, sufufu,
taratibu zapandia.

Chini, tishu unganishi,
kamba zisizo ubishi;
hata damu, sikutishi,
ni ukoo huo pia.

Misuli yabeba zigo;
neva nazo, nyuzi ndogo,
ukimgusa kidogo
ubongo huuambia.

Sasa hapa, mgongoni,
zote zimo taabani;
za ngozi, za pembezoni,
kidonda zatambalia.

Hazikimbii, huenda
chini ya gamba la donda;
shogi likija, huvunda,
na upya utaanzia.”

Siku ya tano, jioni,
naona vumbi Langoni:
punda, shogi mgongoni,
mchanga wadondokia.

Sikusema hata neno,
nikauma tu meno;
kesho yake, saa tano,
wawili wanijilia.

Kidonda kimefunguka,
inzi juu wazunguka,
Famau anatamka:
“Fundi alinililia.”

Akaonesha kiganja
kamba ilivyomchanja:
“Nami tone, bila punja,
kiooni nitilia.”

Nikaweka, akaona
nyekundu zimesongana;
punda na yeye, hapana
mpaka wa kuchoria.

Sasa yeye na rukwama,
asubuhi akihema,
vichochoroni husema:
“Nyuma! Zigo lapitia!”

Watoto wakimcheka,
“Punda Famau kafika!”
hujibu bila kuchoka:
“Mwenzangu ajilalia.”

Zafarani ala nyasi,
hana tena wasiwasi;
kidonda, kwa yao kasi,
seli zakifunikia.

Wiki sita zikapita,
manyoya yakajivuta;
palipokuwa na vita
meupe yamechipia.

Aniuliza: “Wangapi?
Na waliokufa, wapi?
Mnyapara wao yupi?”
Sijui la kumwambia.